Uvundo Usio Wangu

Jumatatu, 3 Novemba

Hakuna mtu anayehitimu chuo katika mji huu bila mimi. Hilo liandikwe kwanza. Walimu hufundisha, wanafunzi hukariri, lakini siku ya mahafali mtu asiye na joho ni mtu aliyevaa suruali tu. Majoho ni ya dada yangu, anayakodisha. Mashine ya kuyafulia imo chumbani kwangu. Kwa hiyo ukifikiri vizuri, elimu ya juu ya nchi nzima inalala miguuni pa kitanda changu.

Dada husema si chumba, ni stoo, na kwamba nimewekwa humo kwa muda. Muda huo sasa umeota mizizi. Mimi wageni huwaambia mashine ndiyo iliyonikuta. Si kweli, lakini inasemeka.

Leo pamechafuka. Jirani yetu Pasi, ambaye kibanda chake cha kupigia pasi kimeegemea ukuta wa stoo yangu, kaja na joho kalishika kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya. Kasema joho likikauka halina neno. Likiguswa na pasi ya moto, linaamka. Mvuke unampiga usoni mpaka anashika meza. Harufu yenyewe, kasema, ni ya tambara la kupangusia lililosahauliwa ndani ya ndoo na watu wakahama nyumba.

Dada kanusa, kafumba macho. Binti yake, mpwa wangu, kanusa, kakohoa. Mimi nikanusa nikasema nasikia manukato.

Dada kaja mpaka stoo. Kasimama mlangoni, pua juu, kama mbwa wa polisi. Kisha katamka neno ambalo ndugu wa tumbo moja hamwambii mwenzake. Kasema humu wanalala wawili, mimi na mashine, na mmoja wetu anavunda. Kwamba mashine haikuwa ikinuka kabla sijahamia.

Nilikaa kitandani.

Hukumu yake ni hii. Mahafali ni Jumamosi na chuo kimechukua majoho yote. Yakinuka mbele ya wageni, mwakani kazi inakwenda kwa mwingine, naye hana kazi ya pili. Harufu iishe kabla ya hapo. Ikiwa ni mashine, itibiwe. Ikiwa ni mimi, nitafute pa kwenda, na stoo apewe Pasi aweke meza kubwa ya kupigia pasi.

Pasi katazama chini kwa unyenyekevu. Halafu, dada alipogeuka, akaupima ukuta wangu kwa shubiri. Nimemwona kwa macho yangu mawili.

Nimewaambia waniachie mimi. Mtu aliyemwambia chui kaa chini, na chui akakaa, hawezi kushindwa na pipa lenye mota. Mpwa kasema mara ya mwisho yule chui alikuwa fisi. Alikuwa chui. Nikawakumbusha pia yule nyoka niliyemuua humu humu stoo kwa mkono mtupu. Pasi ni shahidi, alisikia kelele. Pasi kasema ni kweli alisikia, ila katika maisha yake hajapata kusikia nyoka akipiga yowe la kumwita mama yake.

Mtu wa wivu.

Kabla ya kulala nimefunga mlango wa mashine, ule wa duara wa mbele. Nimeubana mpaka umelia ta. Kila siku naufunga. Wenye nyumba huuacha wazi kama mdomo wa mtu anayekoroma. Chombo chenye mlango hufungwa: kabati, friji, jeneza. Ndio ustaarabu.

Jumanne, 4 Novemba

Nimepata dawa. Ajabu watu wanasoma mpaka vyuo vikuu na hili hawalijui. Harufu ni kama mtu mkorofi kwenye kikao. Humtoi kwa kumsihi. Unaleta mkorofi zaidi.

Nilikuwa na chupa ya manukato, ile ninayojipaka ninapokwenda kwa watu wazito. Imekaa miaka kwa sababu watu wazito ni wachache. Nimeimimina yote kwenye droo ya sabuni, nikaongeza sabuni vikombe vitatu kama kawaida yangu, maana sabuni haijapata kumdhuru mtu. Ndani nikatia joho moja la majaribio.

Lilitoka likinukia mtaa mzima. Nikalipeleka kwa Pasi mwenyewe, kifua mbele. Kaliweka mezani, kaweka pasi, mvuke ukapanda. Pasi katoka nje machozi yakimtiririka. Nilidhani ni furaha.

Kasema uvundo ni ule ule, ila sasa umevaa tai.

Kisha akaanza kunishauri. Kwamba pale mlangoni pa mashine pana mpira wenye mikunjo, na kwenye mikunjo ndiko uchafu unakokaa. Niupanguse. Nilimwambia sipokei ushauri kutoka kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kusukuma chuma kwenda mbele na kukirudisha nyuma. Kasema hata hicho chuma kinahitaji mtu anayejua pa kukisimamisha. Nimelichukua joho nikarudi stoo.

Mpwa naye kaja na maswali yake. Kwamba akimaliza kufua huuacha mlango wa mashine wazi ili ndani pakauke, na kila asubuhi anaukuta umefungwa. Nani anaufunga? Nimesema upepo. Kasema stoo haina dirisha la kupitisha upepo wa namna hiyo, ina kidirisha tu. Nimesema kuna upepo wa chini.

Mlango nimeufunga. Umelia ta.

Jumatano, 5 Novemba

Siku ya sayansi.

Mpwa kasoma kwenye simu yake kwamba dawa ni siki. Kikombe kimoja, maji ya moto, bila nguo ndani. Tena kanionya mara mbili, kidole juu kama mwalimu, nisije nikachanganya siki na dawa ya madoa, maana moshi wake unaua. Nimemwambia mimi kemia niliisoma. Niliisoma. Niliacha shule wiki hiyo hiyo, lakini niliisoma.

Nikakaa nikatafakari. Kama siki kikombe inatibu, siki chupa nzima inaponya. Na kama siki inaponya peke yake, ikipewa msaidizi je? Dawa ya madoa nimekatazwa. Nikatazama jikoni, nikaona magadi. Pakiti kubwa. Magadi hayajakatazwa na mtu.

Pakiti yote pipani, chupa yote juu yake, mlango nikarudishia, nikabonyeza.

Sijui niseme nini kuhusu povu lile. Lilitokea kwenye droo ya sabuni kwanza, taratibu, kama mtu anayechungulia. Kisha likaja lote. Likashuka sakafuni, likazunguka viatu vyangu, likapanda kitandani. Nikasimama juu ya kiti nikaliamuru lirudi. Lilisita kidogo. Nadhani lilinisikia.

Dada karudi kutoka sokoni, kakuta povu limefika uani na mimi niko juu ya kiti. Kafungua mlango wa mashine, kasukuma povu kwa ufagio, kasema alhamdulillahi, hatimaye kuna kitu cha chumba hiki kimefuliwa. Alimaanisha godoro.

Lakini sikilizeni sasa. Mchana kutwa mashine ilikaa wazi watu wakidekia, na jioni dada alipotia kichwa ndani ya pipa akasema harufu imepungua. Imepungua! Nilitembea mpaka kibandani kwa Pasi kumpa salamu tu. Nikamwuliza meza yake mpya ataiweka wapi sasa, juu ya bati?

Nikarudi, nikafunga mlango, ta, nikalala juu ya godoro bichi kama mfalme aliyenyeshewa.

Alhamisi, 6 Novemba

Harufu imerudi. Asubuhi na mapema, tena na nguvu mpya, kama imetoka likizo.

Dada kafungua mashine, karudi nyuma hatua, kanitazama mimi. Si mashine. Mimi. Kasema jana mchana sikuwa stoo, nilikuwa nikizurura nje, harufu ikapungua. Usiku nimelala humu, imerudi.

Nikaona hapa lazima nifanye jambo la kiume. Chini ya mashine pembeni kuna kijimlango, ndani yake chujio. Pasi alikuwa amekwisha lisema hilo, lakini nilikuwa najua kabla hajasema, nilikuwa tu sijaambiwa. Nikakifungua. Pasi kutoka kibandani kwake, ng'ambo ya ukuta, akasema niweke beseni kwanza. Nikamjibu beseni ni la waoga.

Maji yalitoka meusi. Sikujua mashine inaweza kubeba maji mengi kiasi kile huku imesimama tu kimya. Yakapita chini ya mlango, yakazunguka ukuta, yakaingia kibandani kwa Pasi, ambako majoho yaliyokwisha pigwa pasi yalikuwa yamening'inia, pindo karibu na sakafu. Majoho yakanywa. Nguo ya joho inakunywa maji kama ngamia.

Pasi kazima pasi. Kakunja suruali. Kaja stoo, dada nyuma yake, mpwa nyuma ya dada. Kwenye chujio wakatoa vifungo, pini za nywele na kishada cha kofia ya mahafali. Mimi nikasema mnaona, mnaona, mashine hii. Nilikuwa karibu kushinda kesi.

Hapo Pasi akaingiza mkono kwenye mkunjo wa mpira wa mlangoni. Katafuta, katafuta, kama daktari wa ng'ombe. Kavuta. Ikatoka soksi.

Ya kahawia. Yenye tundu la kidole gumba. Ile ambayo tangu mwezi wa tano namwambia kila mtu kwamba Pasi kaniibia.

Dada kainyanyua juu watu wote waione. Kasema ushahidi huu hapa. Nilisema imepandikizwa. Mpwa kasema mjomba, pea yake umeivaa.

Adhabu: kuanzia leo nalala sebuleni. Stoo isiguswe nami mpaka Jumamosi ipite. Majoho yote yafuliwe upya. Pasi kasaidia kubeba mto wangu. Sikumwomba.

Ijumaa, 7 Novemba

Kochi la sebuleni ni fupi. Kichwa kikiwa ndani, miguu inakuwa ya wageni. Lakini mtu wa vita hulala popote.

Nimezuiwa kuingia stoo. Sijazuiwa kutazama. Nimezunguka nyuma nikapanda ndoo, nikachungulia kwenye kile kidirisha. Nilichokiona kimenitia uchungu. Mpwa kaupangusa ule mpira mkunjo kwa mkunjo, kama anamwosha mtoto masikio. Droo ya sabuni kaitoa kaianika juani. Sabuni katia kifuniko kimoja tu, uchoyo gani huo. Na baada ya kila mzigo wa majoho, mlango wazi kabisa, tena kauwekea mwiko wa kukorogea uji usije ukajifunga. Hata upepo wa chini hauwezi. Ulikaa hivyo tangu jana. Mdomo umeachama, giza ndani. Nyumba isiyo na mwanamume hujulikana kwa mambo kama hayo.

Nikasema nisife kabla sijajaribu. Nilikuwa na ndimu mfukoni. Nimezikata nusu nusu kwa meno, nikawa nazirusha kupitia kidirisha, nikiulenga mdomo wa mashine. Moja ilianguka kitandani. Moja ilimpata paka, ambaye nilikuwa sijui kuwa yumo. Moja, na hii ndiyo muhimu, iliingia. Niliisikia ikigota pipani. Kipande cha ndimu, kutoka kwenye ndoo, kwa mkono wa kushoto. Watu hupewa medali kwa machache kuliko hayo.

Jioni Pasi kaja na joho la kwanza la mzigo mpya. Kalipiga pasi mbele ya dada. Mvuke ukapanda. Tukangoja. Pasi kanusa, kanusa tena. Kasema hakuna kitu. Linanuka kitambaa.

Dada kalikumbatia lile joho. Kumbe alikuwa amejibana siku zote hizi. Kalia kidogo, kajifuta kwa ukosi wa joho, akaomba lipigwe tena.

Nikajitokeza kupokea pongezi zangu. Nikaeleza habari ya ndimu, pembe niliyotumia, na hali ya upepo. Dada kanisikiliza mpaka mwisho. Kasema ndimu binti yake aliitoa na kuitupa kabla hajawasha mashine. Na kwamba yeye anajua jambo moja tu: mimi nimetoka, na harufu imetoka.

Jumamosi, 8 Novemba

Mahafali. Jua kali. Nilibeba majoho mpaka mlangoni pa chuo, wakaniambia wasaidizi wanasubiri nje. Mimi nilisubiri ndani, nyuma ya nguzo.

Waliketi safu kwa safu, wameiva kwa jasho ndani ya majoho ya dada yangu, na hotuba haziishi. Kama kulikuwa na uvundo umejificha, ungetoka siku hiyo. Haukutoka. Mkuu wa chuo aliinamisha shingo akanusa ukosi wake, akatikisa kichwa kukubali. Mpwa anadai alikuwa anasinzia. Alinusa.

Walipotoka wakamwambia dada waziwazi kwamba mwakani wanamtaka yeye. Nyumbani dada aliimba jikoni. Nikadhani kwa furaha ile mambo yangu yamesahauliwa.

Hayakusahauliwa. Pasi kaja na futi ya kupimia.

Tukakaa sebuleni, kesi ikafunguliwa. Dada kasema anasikitika, lakini mambo yenyewe yanasema. Hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia kwa adui. Pasi aliinama akalinusa lile kochi. Kanusa mto, kanusa blanketi. Kasema yeye stoo anaitaka, hafichi, ila pua yake haisemi uongo: kochi halinuki. Mtu anayevunda angevundisha kochi. Kwa hiyo si mwili wangu. Ni kitu ninachokifanya humo stoo.

Wote wakanigeukia.

Mpwa kasema polepole, kama anayesogelea kuku: ni mlango. Ukifungwa, unyevu unabaki ndani, unaoza. Tangu Alhamisi uko wazi na harufu hakuna. Jumatano mchana ulikuwa wazi, ikapungua. Mjomba ndiye anayeufunga. Kasema kwa sauti ya huruma kwamba si kosa kubwa, watu wengi hufanya hivyo, niseme tu kwamba ni mimi. Dada naye uso ukalainika. Kasema mdogo wangu, kama ni hilo tu, sema, urudi kitandani kwako leo leo.

Wokovu wangu ulikuwa pale, juu ya meza, kama kikombe cha chai. Nilikwisha fungua mdomo.

Ndipo Pasi akauliza: lakini kwa nini unaufunga? Kuna nini humo?

Nikaufumba mdomo. Nikamtazama. Nikamtazama dada, nikamtazama mpwa. Nikafikiri haraka, nami nikifikiri haraka huwa hatari.

Nikasema hapana. Si mlango. Ni mimi. Nanuka.

Nikaeleza kwamba mtu aliyekumbatiana na chui hubaki na harufu ya chui katika damu, huja na kuondoka, wataalamu wanalijua hilo. Ndiyo maana kochi limepona, siku hizi mbili chui alikuwa amelala. Pasi alitaka kujua kama si tulisema chui alikaa tu chini. Nikasema alikaa baada ya kukumbatiana.

Dada kasema tangu tuzaliwe hajapata kunisikia nikikubali kosa, na kwamba mtu aliyeweza kulisema hilo mbele ya jirani hafukuzwi. Stoo narudishiwa. Kwa masharti: nioge asubuhi na jioni kwa sabuni ya dawa, soksi zangu zianikwe nje, na mlango wa mashine, hata kama si wenyewe, nisiuguse. Niliapa. Pasi kakunja futi yake. Kasema soksi zisianikwe upande wake.

Nimeshinda. Sijui vizuri nimeshindaje, lakini nimeshinda.

Jumapili, 9 Novemba

Nimeoga mara mbili. Nanukia zahanati. Paka amenikimbia, lakini huenda bado ni ile ndimu.

Nimerudi chumbani kwangu. Godoro limekauka. Mto ni ule ule. Mpwa alikuja kunitakia heri, kanisifu eti mjomba una moyo. Dada kaniletea chakula kwenye sahani ya wageni. Ukitaka kuheshimiwa katika ukoo, kumbe, nuka.

Mashine iko pale miguuni, mlango wazi, mwiko mdomoni. Kesho majoho ya mahafali yanarudi, yote yanafuliwa. Nimeapa kutougusa. Mtu mzima akiapa ameapa.

Nimeutazama. Nimegeukia ukutani. Nimegeuka nikautazama tena.

Nimeutoa mwiko, nikaufunga mlango. Umelia ta.

Harufu ikirudi, nina mpango. Karafuu. Mfuko mzima, na sabuni vikombe vinne. Na Pasi asinibabaishe na habari za mipira yake.

Humu sasa niko peke yangu na kalamu, basi niandike. Siku ile ya yowe, nilifungua mashine nitoe shati langu, kitu kikaniangukia kifundoni pa mkono. Hakikuwa nyoka. Kilikuwa mjusi. Mdogo, mweupe, kama kidole cha mtoto. Hakukimbia hata. Alikaa pale mkononi akanitazama, kisha akarudi ndani ya pipa kwa mwendo wake, na mpaka leo sijapata hakika kama alitoka.

Chui nilimwambia kaa chini. Mjusi sijapata la kumwambia.